Kitanda Kitupu Hakijazwi na Roboti

Anayekuuzia teknolojia ya kulea wazee Marekani huanza na hesabu moja. Kizazi kilichozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili kilianza mwaka 1946, kwa hiyo wa kwanza wao wanatimiza miaka 80 mwaka 2026. Wazee wanakuja kwa wingi, atakwambia, jiandae. Asichokwambia ni kwamba wazee kuongezeka ni jambo moja, na wazee hao kubisha hodi kwako ni jambo jingine kabisa.

Tazama zile nyumba kubwa za wauguzi. Nchi nzima zimebaki kama 15,000, na idadi yake imekuwa ikishuka mwaka hadi mwaka. Korona ilipoingia, vitanda vyenye watu vilianguka hadi chini ya asilimia 70 mwanzoni mwa 2021. Lakini tusiisingizie korona kwa kila kitu, maana safari hiyo ilikwisha kuanza zamani. Tangu 1981 majimbo yaliruhusiwa kutumia pesa za Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kumhudumia mtu nyumbani kwake badala ya kumlaza kwenye taasisi. Mwaka 1999 Mahakama Kuu, katika kesi ya Olmstead, ikaamua kwamba kumfungia mtu kwenye taasisi bila sababu ni ubaguzi. Kufika 2013 Medicaid ilikuwa inalipa zaidi kwa huduma za nyumbani na za mitaani kuliko kwa taasisi. Mzee wa Marekani, kama mzee wa kwetu, hataki kuondoka kwake.

Nawaandikia hasa ndugu zetu wa jimbo la Washington, wa Kent, Federal Way, Tacoma na Lynnwood, waliobeba maboksi kwa miaka, wakasomea uhudumu, kisha wakafungua nyumba zao ndogo zinazoitwa adult family home, au AFH kama wenyewe mnavyozoea. Nyumba hizi zina leseni ya kulea wazee hadi sita, na tangu 2020 zinazotimiza masharti zinaweza kufika wanane. Zipo kwa maelfu, na bado zinafunguliwa. Soko lenu linabanwa kwa namna yake: nyumba ni nyingi, wazee wanaolipa kutoka mfukoni wanagombaniwa, na sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imekata matumizi ya Medicaid ya miaka ijayo. Katika nyumba ya watu sita, kitanda kimoja kitupu ni sehemu moja ya sita ya mapato, ilhali mkopo wa nyumba na mishahara havipungui hata senti.

Teknolojia haitakuletea mzee. Inachoweza ni kuziba pale ambapo pesa na saa zinavuja, na kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua panapovuja kabla hujafungua pochi. Bandika karatasi kwenye friji kwa wiki moja. Kila mhudumu aandike kila anapopoteza muda: kuandika jambo lilelile mara mbili, kusubiri duka la dawa lipokee simu, kutafuta nani alichukua funguo za kabati. Karatasi hiyo ndiyo itakayokwambia ununue nini. Usinunue kitu ambacho hakimo ndani yake, hata kama jirani yako kanunua.

Anza na karatasi za kila siku

Nina hakika ya litakaloandikwa zaidi: kumbukumbu. Zamu inabadilishwa saa tano usiku. Anayetoka amesimama kwenye kaunta ya jikoni, koti mwilini, anajaza visanduku vya siku nzima kwa mpigo mmoja: kala chote, kaoga, kaenda haja, dawa za jioni kapewa. Anajaza kwa kukumbuka, na asichokikumbuka anakikisia. Anayeingia hana la kusoma isipokuwa tiki. Mkaguzi akija anaona mwezi mzima wenye maneno yaleyale na mwandiko uleule, na anajua alichokiona.

Programu ya kumbukumbu kwenye simu au kishikwambi inaondoa hilo kwa sababu mhudumu anaandika akiwa bado mbele ya mzee. Dawa ikichelewa, jina linageuka jekundu kabla saa haijapita. Kidonge kikikataliwa, programu haikuruhusu kuendelea mpaka utoe sababu. Ukichagua, usijaribu wewe mwenye nyumba. Mpe yule mhudumu wako anayechapa kwa kidole kimoja, umwambie aandike kwamba Mzee fulani kakataa dawa ya presha kwa sababu anahisi kichefuchefu. Akishindwa mbele ya muuzaji, atashindwa usiku wa manane peke yake. Kisha zima waifai, uone kama programu bado inafanya kazi. Nyingine hufa hapo hapo.

Fanya hesabu mwenyewe badala ya kuamini ya muuzaji. Tuseme kila zamu inaokoa nusu saa, na siku ina zamu tatu. Hiyo ni saa moja na nusu kwa siku, zaidi ya saa 540 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara Washington kwa 2026 ni dola 17.13 kwa saa, kwa hiyo tunazungumzia dola zaidi ya 9,000. Ila pesa hizo ni za kweli pale tu saa zilizookolewa zinapopunguza ovataimu au zinapompa mzee mkono wa ziada. Zikiishia kwenye TikTok, umenunua programu ya kumstarehesha mfanyakazi.

Kuna faida nyingine ya kumbukumbu ambayo wengi hawaihesabu, nami naiona kubwa kuliko zote. Jimbo hupima mahitaji ya kila mzee wa Medicaid kwa tathmini inayoitwa CARE, na kiwango cha malipo ya kila siku kinatoka humo. Sasa chukua mama aliyeingia akitembea na woka. Miezi minane baadaye anahitaji watu wawili kumtoa kitandani, anaamka mara nne usiku, na kuoga ni vita. Nyumba inafanya kazi ya mtu mzito na kulipwa ya mtu mwepesi, kwa sababu hakuna aliyeyaandika hayo kwa namna inayoweza kutolewa na kuonyeshwa. Programu nzuri inakupa kwa dakika chache ripoti ya siku 30: aliamka mara ngapi, alinyanyuliwa na watu wangapi, alikataa huduma mara ngapi. Mpelekee afisa wa jimbo anayemsimamia mzee huyo, uombe tathmini mpya kwa kuwa hali imebadilika. Andika kilichotokea tu, usitie chumvi, maana kuidanganya Medicaid ni jinai na leseni huenda nayo. Lakini kazi uliyoifanya kweli, ilipwe.

Mpango wa huduma nao unakwenda humo humo. Kanuni inataka makubaliano ya huduma yakamilike ndani ya siku 30 tangu mzee aingie, na yapitiwe upya angalau kila miezi 12. Programu ikumbushe wiki mbili kabla. Kalenda ya bure ya simu inaweza pia, tusidanganyane.

Ijumaa saa tisa alasiri

Kitanda kitupu hujazwa kwa simu. Hospitali inataka kumruhusu mgonjwa kabla ya wikendi, na ofisa wake anazipigia nyumba kadhaa mfululizo. Hatafuti nyumba bora kuliko zote. Anatafuta inayojibu, inayosema wazi inaweza kumpokea mtu wa aina gani, na inayoweza kuja kumpima leo au kesho asubuhi. Simu yako ikiwa kwenye mkoba huku unamwogesha mtu, kitanda kimekwenda kwa mwingine.

Kwa hiyo tengeneza namba moja ya nyumba inayolia kwenye simu mbili kwa pamoja, yako na ya msaidizi. Isipopokewa, itume ujumbe yenyewe: nyumba gani, kitanda kipo au hakipo, nitakupigia baada ya dakika 15. Huduma hii ni ya bei ndogo kuliko vingi nitakavyovitaja hapa, na kwa maoni yangu ndiyo inayolipa haraka zaidi. Kisha andaa ukurasa mmoja wa PDF, tayari kutumwa: picha za chumba kilicho wazi (mkazi asionekane hata kivuli), bei, lugha zinazozungumzwa, na huduma mnazoziweza. Hapo pa mwisho watu hujipunja. Sheria ya Washington inamruhusu muuguzi aliyesajiliwa kumkabidhi mhudumu aliyefunzwa baadhi ya kazi za kiuguzi, ikiwemo sindano ya insulini. Kama nyumba yako ina mpango huo, una mashine ya kunyanyulia, na wahudumu wamesomea dimenshia, andika. Ofisa wa hospitali hawezi kubahatisha.

Faksi itakuja, tena ndefu. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilitenga mabilioni ya dola ili hospitali na madaktari wahamishie kumbukumbu kwenye kompyuta, lakini nyumba za wazee hazikuwekwa kwenye mgao huo. Matokeo yake hospitali ina mtambo wa kisasa na wewe unapokea karatasi. Hospitali nyingi zinazotumia mfumo wa Epic zina lango la kusomea taarifa za mgonjwa linaloitwa EpicCare Link. Omba kufunguliwa. Ukishindwa, tumia faksi inayoingia kwenye barua pepe iliyolindwa, ili uisome ukiwa kwenye foleni Costco badala ya kusubiri ufike nyumbani.

Familia nazo zina njia yao. Binti aliyeko Denver anamtafutia baba yake nyumba saa sita usiku, na jimbo lina ukurasa wa kutafutia AFH ambao unaonyesha hata ripoti za ukaguzi. Ingia mwenyewe leo ujitafute kama mgeni. Je, namba ya simu ni ile ya zamani? Ripoti yako ya mwisho inasemaje? Kama kuna kosa uliloandikiwa, jiandae kulieleza na kueleza ulivyolisahihisha, kabla hujaulizwa. Na mtu akikuandikia maoni mabaya mtandaoni, usimjibu kwa kumtaja mzee wake wala kuthibitisha kwamba aliwahi kukaa kwako. Jibu kwa upole, uombe mzungumze kwa simu.

Weka pia jedwali la kawaida la kompyuta: nani kapiga, katokea wapi, ulimrudia saa ngapi, aliingia au hakuingia, na sababu. Baada ya miezi kadhaa jedwali litakuonyesha mambo ambayo kichwa hakiwezi kuyashika. Pengine wakala unayemlipa kamisheni nono anakuletea watu wachache kuliko muuguzi mmoja wa kliniki ya jirani ambaye hujawahi hata kumpelekea kadi ya Krismasi. Na safu moja iandike WA Cares. Huo ni mfuko wa jimbo wa huduma za muda mrefu, ambao wafanyakazi, wakiwemo wahudumu wenu, wanauchangia kwa kukatwa asilimia 0.58 ya mshahara tangu Julai 2023. Malipo yake yamepangwa kuanza Julai 2026, ukomo wa awali kwa mtu ukiwa dola 36,500. Si pesa za kumlea mtu miaka kumi, ila zinaweza kumfikisha mlangoni kwako mtu ambaye vinginevyo angebaki nyumbani akijikongoja. Mtoa huduma anapaswa kujisajili ili alipwe nao. Jisajili mapema.

Usiku na vihisi vyake

Hapa ndipo wauzaji wanapofurika, na ndipo ninapowaomba muwe wagumu. Mkeka wa kengele kando ya kitanda unauzwa kama dawa ya kuanguka. Utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali moja Marekani na kuchapishwa 2012 uliongeza matumizi ya kengele za vitanda, na watu waliendelea kuanguka vilevile. Ukikaa usiku mmoja kwenye nyumba ya wazee utaelewa sababu: kengele inalia mtu akiwa tayari kasimama, mhudumu yuko chumba cha pili, na mzee aliyeshtushwa na kelele anaharakisha. Tangu 2017 wakaguzi wa serikali kuu wameelekezwa kwamba, katika nyumba za wauguzi, kengele inayomfanya mzee aogope kujigeuza inaweza kuhesabiwa kuwa ni kumfunga.

Kihisi kina kazi nyingine iliyo bora: kukufundisha ratiba ya mzee. Kiweke wiki mbili chini ya godoro, kimya, bila kengele. Kama kinaonyesha kwamba huyu huamka kati ya saa nane na saa nane na nusu usiku karibu kila siku, basi mhudumu ampeleke chooni saa saba na nusu. Dawa ya kukojoza inayotolewa jioni? Muulize daktari kama inaweza kutolewa asubuhi. Kengele yenyewe huenda usiihitaji tena, na mashuka ya kufua yatapungua.

Kamera ni habari nyingine. Kanuni za Washington zimeweka mipaka mikali ya pale mwenye nyumba anapoweza kuweka kamera, na kurekodi mazungumzo ya faragha katika jimbo hilo kunahitaji ridhaa ya wote wanaozungumza. Mkazi mwenyewe anaweza kuomba ufuatiliaji chumbani mwake kwa utaratibu uliowekwa. Ukibandika kamera ya dola 30 kwa sababu tu umechoka na wahudumu wanaosinzia, umejitafutia kesi.

Ziara ya daktari kwa video inastahili nafasi. Mkojo unaonuka na mzee aliyechanganyikiwa ghafla jioni vinaweza kumpeleka hospitali kwa gari la wagonjwa, au vikashughulikiwa kwa video na kipimo asubuhi. Uamuzi ni wa daktari, siyo wako. Lakini daktari hawezi kuamua kama huna kishikwambi kilichochajiwa, mashine ya presha inayofanya kazi na orodha ya dawa ya leo. Siku ambazo mkazi yuko hospitalini ndizo ambazo kitanda chake kinakuingizia kidogo.

Lile kundi la WhatsApp

Kila nyumba inalo. Linaitwa jina la nyumba, na ndani yake mna zamu za Jumamosi, salamu za Idi na Krismasi, na katikati yake picha ya kidonda cha kisigino ikiwa na jina la mzee. Kwenye kundi hilo bado yumo mhudumu aliyeacha kazi miezi mingi iliyopita na sasa anafanya kwa mshindani. Sheria ya usiri wa taarifa za afya, HIPAA, ni ya 1996, na haki ya mkazi ya faragha imo pia kwenye kanuni za jimbo. Hakuna mkaguzi atakayekubali kwamba mlikuwa mnasaidiana. Libakizeni kundi kwa ajili ya zamu na salamu. Habari za mzee ziende kwenye programu ya kumbukumbu, ambako kila mtu ana nywila yake na unaweza kumfungia aliyeondoka siku hiyohiyo.

Akili mnemba nayo imefika jikoni. Mhudumu anayefikiri kwa Kiswahili au Kikikuyu na kuandika kwa Kiingereza anaweza kusema kwa sauti, na simu ikamwandikia. Ni msaada mkubwa, ila una meno. Mashine haizoei haraka lafudhi ya Mombasa wala ya Iringa, na ile inayopamba maandishi hupenda kuongeza isichoambiwa. Inaandika kwamba mkazi alikuwa mchangamfu na alifurahia chakula cha jioni, kumbe hakula. Utaratibu uwe mkali: hakuna kutia saini usichokisoma, na hakuna kubandika jina la mkazi kwenye programu ya bure ya mtandaoni. Itumie kwa ratiba ya mafunzo, rasimu ya barua kwa familia, au maelezo ya kazi kwa mgeni. Hapo haina madhara.

Kuhusu roboti, sina mengi. Paro, yule sili mwenye manyoya aliyebuniwa Japani na kuidhinishwa Marekani mwaka 2009 kama kifaa cha tiba, anatuliza baadhi ya wenye dimenshia, na bei yake ni maelfu ya dola. Kwa nyumba ya watu sita, pesa hizo zilipe saa za mhudumu.

Kabla ya kutia saini

Lipa mwezi kwa mwezi mwanzoni, hata kama mkataba wa miaka mitatu una punguzo. Omba kuzungumza na mwenye nyumba ya ukubwa wako anayeitumia, si yule wa vitanda 120. Na weka akiba, ya pesa na ya karatasi. Februari 2024 wadukuzi waliiangusha Change Healthcare, kampuni ambayo madai mengi ya malipo ya afya Marekani hupitia humo, na watoa huduma wengi walikaa wiki kadhaa bila kulipwa. Kila wiki chapisha orodha ya dawa na mipango ya huduma, uweke kwenye faili la karatasi kabatini, ili intaneti ikikatika mtu apate dawa yake.

Swali la mwisho kwa muuzaji ndilo wengi hawaliulizi: nikiondoka, kumbukumbu zangu nazipata vipi, kwa muundo gani, na kwa bei gani? Jibu liandikwe ndani ya mkataba. Jukumu la kuhifadhi kumbukumbu za mkazi linaendelea baada ya mkazi huyo kuondoka au kufariki, na ni la mwenye leseni. Kampuni ya programu ikifunga, mkaguzi hataitafuta, atakuja kwako.